Mashine Moja, Unga wa Aina Tano: Kusafisha Mabaki ya Karanga na Vyakula Vingine vya Mzio Kwenye Mashine Kuukuu

 Leo tunaacha kidogo mambo ya mbegu na viuatilifu, tuingie mashineni.

Karanga zimekauka, soya ipo, ulezi upo, na mashine zinanguruma mpaka usiku. Mashine ile ile asubuhi inasaga dona la jirani, mchana inasaga lishe yenye karanga na soya, jioni inasaga ulezi wa mteja mwingine. Kati ya mteja mmoja na mwingine tunapiga fagio mara mbili, tunagonga bomba kidogo, tunaendelea. Wengi wetu mashine zenyewe ni za zamani, zimenunuliwa mkononi, zimechomelewa huku na kule. Swali la leo ni hili: kile kinachobaki ndani kinaenda kwa nani?

MZIO SI SUMU

Karanga nzuri, kavu, isiyo na fangasi, iliyochambuliwa punje kwa punje, bado inaweza kumdhuru vibaya mtu mwenye mzio (wengi tunasema aleji). Hapa watu huchanganya. Tangu wenzetu wa Dodoma na Manyara walipougua na wengine kufariki kwa sumukuvu mwaka 2016, tumefundishana sana kukausha na kuchambua, na kazi hiyo iendelee. Lakini sumukuvu ni uchafu ulioingia kwenye chakula. Kisababishi cha mzio ni chakula chenyewe, yaani protini yake. Huwezi kukichambua ukakitoa. Unachoweza ni kukizuia kisiende pasipo pake.

Kwenye kazi zetu vinavyohusika zaidi ni karanga, soya, ngano, ufuta, korosho, dagaa, mayai na maziwa ya unga. Chukua mfuko wowote wa lishe hapo dukani usome mchanganyiko wake. Mara nyingi utakuta vitatu au vinne vya hivyo vimo humo humo.

Mtu mwenye mzio akila, dalili huanza ndani ya dakika chache, mara nyingine zikachelewa hadi saa mbili: vipele vinavyowasha, midomo na macho kuvimba, kutapika, kukohoa, pumzi kutoka kwa mluzi, kulegea. Ikishafika kwenye pumzi au mtu akaanza kuishiwa nguvu, hiyo ni dharura. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, kwa hiyo mkimbizeni kituo cha afya. Msikae nyumbani mkimnywesha maziwa eti yaue sumu. Hakuna sumu ya kuua pale, na maziwa nayo yanaweza kuwa tatizo lingine.

Na usije ukasoma makala hii ukaacha kumpa mtoto karanga. Utafiti mkubwa uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto wachanga waliokuwa katika hatari ya kupata mzio, walipoanzishiwa karanga mapema (iliyosagwa laini, siyo punje), walipata mzio wa karanga kwa uchache sana kuliko walionyimwa. Mtoto mwenye ukurutu mkali au mwenye mzio wa yai, aonwe na mtaalamu wa afya kwanza. Wengine wapeni karanga. Hapa tunamzungumzia yule mtoto ambaye mama yake tayari anajua kwamba karanga inamdhuru, na anakuja kwako kununua dona akiamini kwamba dona ni mahindi matupu.

KIDOGO NI KIASI GANI?

"Ah, bwana shamba, unga uliobaki kwenye bomba ni kijiko tu." Nimelisikia hilo mara nyingi. Tupige hesabu.

Wataalamu wa FAO na WHO, walipokaa kupitia suala hili, walipendekeza miligramu 2 za protini ya karanga kwa mlo mmoja kuwa kiasi cha rejea cha kuamulia kama mlaji anahitaji kuonywa. Punje moja ya karanga ina uzito wa nusu gramu au zaidi kidogo, na robo ya uzito huo ni protini. Yaani punje moja ina miligramu zaidi ya 100. Ikate vipande 50, kipande kimoja tu kinafikia kiasi hicho.

Sasa tuseme mashine yako imemaliza kusaga lishe ambayo asilimia 10 yake ni karanga, na ndani imebaki nusu kilo ya unga. Kwa mashine kuukuu nusu kilo si kitu kikubwa. Hapo kuna gramu 50 za karanga, sawa na gramu 12 hivi za protini. Anakuja mama na debe lake la mahindi, tuseme kilo 18. Mabaki yakichanganyika sawasawa, kila kikombe cha uji kilichotumia gramu 50 za unga kitakuwa na miligramu 33 za protini ya karanga. Hiyo ni zaidi ya mara 15 ya zile miligramu 2. Na kwa kawaida hayachanganyiki sawasawa. Unga wa mwanzo kutoka ndio unaobeba mzigo mkubwa, kwa hiyo mfuko mmoja unaweza kuwa mbaya kuliko mingine yote.

Kuchemsha uji hakuondoi tatizo. Kukaanga karanga hakuondoi pia. Protini ya karanga inavumilia moto vizuri sana.

KWA NINI MASHINE YA ZAMANI INASUMBUA

Mashine mpya ya chuma kisichoshika kutu, yenye kona za mviringo na milango ya kufungulia, inasafishika. Hizi zetu zilitengenezwa kwa ajili ya kusaga, suala la kusafisha ndani halikuwepo kichwani mwa fundi. Na kadiri zinavyozeeka, sehemu za kujifichia unga zinaongezeka. Uchomeleaji umeacha vinundu na mashimo. Rangi imebanduka, chuma kimekula kutu na kuwa na vinyweleo. Boksi la kumiminia nafaka ni la mbao na lina nyufa. Pale unga ulipokuwa unavuja, mtu ameziba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, gunia, au matambara yaliyofungwa kwa waya. Hivyo vya mwisho ndivyo ninavyovichukia kuliko vyote, maana mafuta ya karanga yanaingia kwenye mpira na kitambaa na hayatoki tena.

Juzi nilikuwa na kikundi kimoja cha akina mama wanaosaga dona, sembe na lishe kwa mashine moja ya nyundo. Duka moja la mjini liliwaomba dona lililoandikwa "haina karanga". Lilikuwa na mteja mwenye mtoto wa miaka mitatu ambaye alishalazwa kwa sababu ya mzio wa karanga, na mama huyo alikuwa amechoka kusaga nyumbani kwa blenda. Kikundi kiliona fursa, wakaniita.

"Shikamoo mama," nikamsalimia mwenyekiti.

"Marahaba mwanangu. Karibu bwana shamba, mashine tumeshaisafisha tangu asubuhi, wewe njoo ukague tu."

Na kweli kwa nje ilikuwa inang'aa. Tukamwomba fundi afungue kifuniko cha feni, ile inayosukuma unga kupanda juu. Nati mbili zilikataa, zikabidi zipigwe mafuta na kusubiriwa. Kilipofunguka, nyuma ya mapanga ya feni kulikuwa na unga ulioganda kwa matabaka: jeupe, la kahawia, jeupe, la kahawia, kama pete za mti. Fundi akabandua kwa bisibisi, sufuria ndogo ikajaa.

"Mama, hili tabaka la kahawia ni nini?"

Akalichukua, akalinusa. "Hiyo lishe."

"Ya juzi?"

"Hapana. Ya juzi tulitia dagaa, hii haina dagaa." Akafikiri kidogo. "Hii ni ya kabla ya Pasaka, mwanangu."

Tulikuwa mwezi wa saba.

Kile kifuniko hakijawahi kufunguliwa tangu mashine inunuliwe, na aliyewauzia hakuwaambia kwamba kinafunguka. Kila siku kipande kidogo cha tabaka kinabanduka chenyewe na kuondoka na unga wa mteja wa siku hiyo. Unaweza kufagia sakafu mara kumi, hilo hulifikii.

MAJI NA JIKI

Watu wengi nikiwaambia "safisha" wanafikiria ndoo ya maji na jiki. Jiki inaua vijidudu. Protini ya karanga si kijidudu, haifi. Ukinyunyizia jiki juu ya unga ulioganda, unapata unga ulioganda wenye harufu ya jiki. Kinachoondoa protini ni kuikwangua, kuifuta, na kuiosha kwa sabuni kisha kuisuuza. Jiki ikitumika, inakuja mwisho kabisa, kwa kazi yake ya vijidudu.

Na maji kwenye mashine ya unga ni adui mwingine. Unga ukilowa unakuwa ugali, unaingia kwenye nyufa, unakauka na kuwa kama saruji. Siku mbili baadaye una ukungu. Beringi na mota usiseme. Kwa hiyo mwili wa mashine ya kusaga husafishwa kavu. Maji ya sabuni ni ya vipande vinavyotoka, na kwa sehemu zenye mafuta unatumia kitambaa kilichokamuliwa, basi.

Kupuliza kwa kompresa au pampu nako tuache. Najua ni haraka na kunafurahisha macho. Lakini vumbi lile halijaondoka, limepanda kwenye kenchi, kwenye viroba vya mteja mwingine na kwenye nguo zako, na jioni linashuka tena ndani ya mashine. Kama una uwezo, tafuta mashine ya kufyonza vumbi, hata ya mtumba. Kama huna, brashi na kitambaa chenye unyevunyevu vinatosha.

TUIFUNGUE SASA

Zima swichi kubwa, siyo kitufe cha mashine tu, na funguo ya boksi la umeme ikae mfukoni mwako. Vua mkanda. Subiri rota isimame kabisa, maana nyundo huendelea kuzunguka hata baada ya mlio kutulia na zimeshachukua vidole vya watu. Ondoa viroba vyote vya wateja chumbani, au vifunike.

Anza juu ushuke chini. Ukianza chini utafanya kazi mara mbili.

Lile pipa la juu lenye umbo la koni, gonga kwa nyundo ya mbao au ya mpira mpaka lisitoe kitu, kisha ingiza brashi yenye mpini mrefu. Zingatia mstari wa kuchomelea, ndipo unga unaposhika. Mabomba yafungue kwenye viungo. Kwenye kona ya bomba karibu kila mara utakuta keki imeganda, na haitoki kwa kugonga. Funga kitambaa kwenye kamba, kipitishe upande mmoja kitokee wa pili, rudia mpaka kitambaa kitoke bila rangi.

Mfuko wa kitambaa, ule unaochuja vumbi, sikushauri kuusafisha kwa ajili ya kazi hii. Nyuzi zake zimeshajaa, hata ukiufua huwezi kuuamini. Kuwa na miwili, mmoja wa lishe na karanga, mwingine wa nafaka tupu, na ushonee uzi wa rangi kwenye mdomo ili hata kijana wa zamu ya usiku asikosee. Ni mita chache za kitambaa na fundi cherehani. Katika makala hii yote, kama utafanya jambo moja tu wiki hii, fanya hilo.

Chekeche, ile bati yenye matundu, nalo liwe la pili. Kama bado unalo moja, litoe, lipige brashi pande zote mbili, kisha liloweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Nasema uvuguvugu kwa makusudi. Maji ya moto sana mwanzoni yanapika protini ikashika kwenye chuma, hasa kama ulisaga kitu chenye maziwa au mayai. Uvuguvugu kwanza, ndipo baadaye moto na sabuni, kisha suuza kwa maji safi na anika juani mpaka likauke kabisa. Usisahau mfereji ambamo chekeche linakaa. Unga humo umebanwa mwaka hadi mwaka na unahitaji bisibisi au kipande cha mbao ngumu.

Nyundo zizungushe kwa mkono moja moja, piga brashi nyuma yake na kwenye pini zinaposhikilia. Kama lishe ilikuwa na karanga za kukaanga, utaona utando wa mafuta kwenye kuta za chumba cha kusagia. Brashi kavu inauteleza tu. Hapo ndipo kitambaa cha maji ya sabuni ya uvuguvugu, kilichokamuliwa kweli kweli, kinafanya kazi. Fuata na kitambaa cha maji safi, kisha kikavu, halafu acha wazi mpaka usikie kwa kiganja kwamba hakuna unyevu.

Kisha feni. Mnakumbuka ya Pasaka.

Boksi la mbao, kama lina nyufa, sina ushauri wa kulisafisha. Libadilishe kwa bati. Vivyo hivyo vipande vya tyubu na matambara: vitoe, tengenezesha kizibo kipya kinachoweza kutolewa na kuoshwa. Fundi akiwa na mashine ya kusagia chuma, mwambie alainishe vinundu vya kuchomelea kwenye sehemu unga unapopita. Ni kazi ya nusu siku, lakini baada ya hapo kila usafi unakuwa mwepesi.

Ukishaifunga, pitisha mahindi safi ya kusafishia. Kiasi gani? Inategemea ukubwa wa mashine na urefu wa bomba, hakuna namba moja ya wote. Kwa mashine za kawaida za mtaani mimi huanza na kilo 10 na kuangalia. Unga huo ni wa kuku au nguruwe. Hauuzwi, haurudishwi kwenye dona kwa kisingizio kwamba "ni mahindi tu". Ushakuwa na karanga. Na kupitisha mahindi hakuchukui nafasi ya kufungua. Mahindi yanasomba kilicho njiani, hayaingii nyuma ya feni.

UTAJUAJE KAMA IMETAKATA?

Tochi na kitambaa cheupe. Fungua tena sehemu mbili tatu, futa pembeni na kwenye kona, angalia. Kitambaa kikitoka na rangi au mafuta, rudi mwanzo. Hicho ni kipimo cha kukuambia "bado", hakiwezi kukuambia "tayari", kwa sababu miligramu huzioni kwa macho. Kuna vipimo vidogo vya mkononi vya kutafuta protini ya karanga, vinafanana na kile cha malaria, unafuta sehemu, unachovya, unasubiri mstari. Kwa mtu mmoja ni gharama. Kikundi au ushirika mkichanga, vinaweza kuwa na maana, hasa kama mnataka kuuza nje.

Kuna njia nyingine ya kupunguza kazi, nayo haina gharama yoyote: mpangilio. Saga nafaka tupu kwanza, lishe mwisho. Asubuhi mahindi, halafu mtama na ulezi, halafu vyenye ngano, halafu soya, karanga ziwe za mwisho. Bora zaidi, tenga siku ya lishe, tuseme Jumamosi, ili usafi mkubwa ufanyike mara moja kwa wiki kabla ya Jumatatu. Mteja akija na karanga zake Jumanne, mwambie kwa heshima arudi Jumamosi. Atanuna. Ukimweleza sababu, wengi wanaelewa, kwa sababu kila mtu ana mtoto.

Vitu vidogo vinasahaulika: kata ya kuchotea, sahani ya mizani, aproni, meza ya kufungashia, na viroba. Kiroba kilichobeba karanga kisibebe mahindi ya mteja, hata ukikung'ute vipi.

SIAGI YA KARANGA NA MAFUTA

Kwa kifupi tu. Mashine ya siagi ya karanga ibaki ya karanga. Usiitumie kusagia ufuta au korosho halafu ukauza kama bidhaa nyingine. Mawe au diski zake zina mifereji, na pale shafti inapoingilia kuna sili inayonyonya mafuta. Kama lazima uisafishe, ifungue ikiwa bado ina joto, kwangua, futa mafuta kwa karatasi kabla maji hayajagusa chochote, ndipo sabuni.

Wakamuaji wa alizeti wa Singida na Dodoma: mkishakamua karanga au ufuta kwenye mashine ile ile, kumbukeni kwamba mafuta yetu ya kukamua bila kusafishwa kiwandani yanabaki na chembe za protini. Yale yaliyosafishwa sana hubaki na protini kidogo mno, lakini hayo siyo tunayotoa kijijini.

LEBO NI AHADI

Tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihama kutoka iliyokuwa TFDA kwenda TBS, kwa hiyo mambo ya lebo na alama ya ubora ulizeni huko, na ofisi za SIDO mkoani zinaweza kuwasaidia kujiandaa. Codex, chombo cha FAO na WHO cha viwango vya chakula, kilitoa mwaka 2020 mwongozo mzima wa kudhibiti visababishi vya mzio kwa wazalishaji, wakubwa na wadogo. Masoko ya nje yamekaza zaidi. Umoja wa Ulaya una vyakula 14 ambavyo lazima vitajwe. Marekani iliongeza ufuta kuwa wa tisa kuanzia tarehe 1 Januari 2023. Anayetaka kuuza unga wa muhogo au mtama kama usio na gluteni, kiwango cha Codex ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo, na mashine iliyosaga ngano jana haikufikishi huko kwa fagio.

Hiyo habari ya ufuta ina kisa chake. Sheria ilipokaribia kuanza, baadhi ya kampuni za mikate Marekani ziliona kusafisha mitambo yao mpaka ufuta uishe kabisa ni kazi isiyowezekana. Zilifanya nini? Ziliongeza unga wa ufuta kidogo kwenye mikate ambayo haikuwa na ufuta, kisha zikaandika kwenye lebo kwamba una ufuta. Kisheria wako salama. Watu wenye mzio wa ufuta wakapoteza mikate waliyokuwa wakila miaka yote. Sikitaji kisa hiki ili tuige. Nakitaja kwa sababu hao ni watu wenye mitambo ya mamilioni, wahandisi na maabara, na bado waliona kuandika "imo" ni rahisi kuliko kuapa "haimo".

Kwa hiyo mwenye mashine kuukuu ya pamoja, ushauri wangu ni huu, na najua hautawapendeza wote: usiandike "haina karanga". Andika viungo vyako vyote, kisha kwa herufi zinazosomeka, siyo za mchwa, andika: "Imesagwa kwenye mashine inayosaga pia karanga, soya na ngano." Na sentensi hiyo haikupi ruhusa ya kuacha kusafisha. Yule asiyejua kusoma, au anayenunua kwa kupimiwa kwenye rambo, haoni lebo. Huyo muulize kwa mdomo: "Nyumbani kuna mtu karanga inamdhuru?" Ukimwuliza hivyo kila mteja mpya, baada ya mwezi utawajua wote wa mtaa wako.

Kuandika "haina" kunawezekana pale tu mashine nzima, kuanzia boksi la kumiminia mpaka mzani, haijawahi na haitaguswa na karanga. Vikundi vyenye mashine mbili mna bahati hiyo. Wekeni ile ndogo au mpya kwa nafaka tupu, ile ya zamani iwe ya lishe moja kwa moja, na zikae vyumba tofauti, siyo pembeni ya nyingine. Ukinunua mashine ya mtumba kwa kazi hii, muulize muuzaji ilikuwa inasaga nini, kisha fungua feni mwenyewe kabla ya kutoa hela.

Wale akina mama wameshashona mfuko wa pili na wamenunua chekeche la pili. Kifuniko cha feni sasa kinafunguliwa kila Jumamosi jioni, na kuna daftari linaning'inia ukutani wanaloandika tarehe na nani amefungua. Duka waliliambia wazi kwamba hawawezi kuandika "haina karanga". Duka limechukua dona lao lenye lebo ya tahadhari kwa wateja wengine. Yule mama wa mtoto hanunui unga kwao. Ananunua mahindi mazima, na kijiji cha pili wamemwonyesha mashine ya mzee mmoja ambayo tangu ifungwe haijasaga kitu zaidi ya mahindi. Ni mwendo wa dakika 40 kwa baiskeli, na anaenda mara mbili kwa mwezi.